Uso Uliokaa Kwenye Pindo la Kitenge

Nilisoma sayansi ya siasa kwa miaka minne Nairobi, na mtu pekee aliyewahi kunitaka ushauri katika taaluma hiyo ni mwanamke mmoja wa Kongo aliyekuja Guangzhou kununua vitenge. Nilimpa ushauri bure, kwa furaha, na ukammaliza.

Wakati huo nilikuwa dalali. Kadi yangu ilisema "mshauri wa biashara", lakini kazi yenyewe ilikuwa kuwatoa wateja kwenye hoteli zao za Xiaobei asubuhi, kuwapeleka soko la vitambaa la Zhongda, kubishana kwa niaba yao kwa Kichina cha kuombea maji, kisha kuhakikisha marobota yamefika kwa wakala wa mizigo kule Sanyuanli. Ilikuwa miaka ya neema. Kila tulipopita palikuwa na jengo jipya, na kila mtu niliyemjua alikuwa na mpango. Mpango wangu ulikuwa kuandika kitabu. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na nilikuwa nimeandika dibaji.

Mama huyu alikuwa mteja wangu wa miaka mingi. Alinizidi umri kidogo, kwa hiyo nilimwita dada. Yeye aliniita Profesa, jinsi mtu mfupi anavyoitwa Mrefu. Aliuza vitenge katika soko la wanawake la mji mmoja wa ziwani, mashariki mwa Kongo. Safari ile alikuja na picha saba ndani ya bahasha, yake na za wenzake sita wa chama. Kwao walikuwa wanajiandaa kuchagua bunge la jimbo, na yeye alikuwa mmoja wa wagombea.

Tuliketi kwenye mkahawa wa Wakongo, ghorofani, mbele ya sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, akanieleza. Kuna watu walikuwa wanalitaka lile soko wajenge hoteli. Bunge jipya ndilo lingeamua.

"Nikikosa kiti, soko wanavunja," alisema. "Na mimi ndio wataanza kunifukuza, sababu nimesema sana. Nimesema mpaka kwa redio."

Alitaka kitenge cha kampeni: uso wake katikati, mkubwa, na jina chini yake. Angewagawia wanawake wa sokoni, washone, wavae. Hapo ndipo elimu yangu ilipoamka.

"Dada, uchaguzi wenu si kama wetu Kenya, kwamba wa kwanza anabeba kiti na wengine wanakwenda nyumbani kulia. Wenu ni uwakilishi wa uwiano."

"Bon. Na kwa Kiswahili cha watu, hiyo ni nini?"

Nikasogeza sahani. Nikapanga vipande vya ndizi za kukaanga kwa makundi. Kila kundi ni orodha ya chama, nikamwambia. Kura za watu wote wa orodha zinamwagwa kwenye kapu moja, kisha viti vinagawanywa kulingana na uzito wa kila kapu. Yeye alikuwa wa pili kwenye orodha yao. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye malori, ambaye kuhusu soko hakuwahi kufungua mdomo. Kwa hiyo, nikasema, asijitangaze yeye, aitangaze orodha. Kapu likijaa, wa kwanza anaingia, na wa pili anaingia nyuma yake. Mzee akae katikati ya kitenge, yeye na wengine watano wakae pembeni.

Aliokota kipande kimoja cha ndizi, akakitafuna. "Lakini kwenye mafunzo walituonyesha karatasi. Kila mtu iko na picha yake na namba yake. Mpiga kura anaweka alama kwa picha moja."

"Hizo ni picha tu. Kinachohesabiwa ni orodha."

"Una hakika?"

"Dada, mimi niliandika tasnifu juu ya mambo haya."

Ni kweli niliandika. Niliandika juu ya nchi za Ulaya ambako chama kinapanga majina na mpiga kura hana la kusema juu ya mpangilio. Kuhusu sheria ya Kongo sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja, na haikunipitia akilini kwamba ukurasa huo upo. Yeye alikuwa amehudhuria mafunzo, ameiona karatasi kwa macho yake. Lakini alisomeshwa na masista, kwa Kifaransa na kwa fimbo, na walimfundisha kumheshimu mtu mwenye shahada.

"Haya," alisema. "Weye njo Profesa." Njo kwao ni "ndiye".

Kesho yake tulikwenda Zhongda, kwa binti mmoja wa Kichina aliyekuwa akichora michoro ya vitambaa kwenye kompyuta. Alizitandaza picha saba mezani, akazitazama, akauliza neno moja tunalolijua sote pale sokoni: "Laoban?" Yaani, bosi ni yupi?

Mama akajigusa kifua. "Laoban," alisema.

Nilicheka. Nikatikisa kidole mbele ya binti, nikaisukuma picha ya mzee wa malori hadi katikati ya meza. "Laoban huyu."

Binti akamtazama mama, aliyeshika pochi, kisha akanitazama mimi. Akainua mabega, akaanza kazi. Alimfanya mzee kuwa mkubwa kama sinia. Wale sita akawapanga kwenye pindo, kila mmoja ndani ya kiduara chake.

Sampuli ilipotoka, mama aliishika mbali na macho, kisha karibu.

"Nimekuwa kifungo," alisema.

"Hiyo ndiyo nidhamu ya orodha, dada."

"Kifungo cha shati, Profesa. Hata si cha koti."

Lakini alikubali, na vitenge vikasafirishwa kwa ndege ili viwahi. Nilijisikia vizuri kwa wiki kadhaa. Nilimweleza mwenzangu niliyepanga naye chumba kwamba hatimaye elimu imekutana na kitambaa.

Aliponipigia baada ya matokeo, nilikuwa Zhongda, nimesimama katikati ya marobota ya mteja mwingine.

"Profesa, umeshinda," alisema. "Orodha imepata kiti."

"Kimoja?"

"Kimoja."

"Kimekwenda kwa nani?"

"Kwa laoban wako."

Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Makapu ni kweli yapo, hapo sikukosea. Lakini kiti kikishafika kwenye orodha, anakichukua aliyewekewa alama nyingi kuliko wenzake. Nafasi ya kwanza au ya pili haina maana yoyote. Wagombea wa orodha moja wanapigana wenyewe kwa wenyewe, na yeye alikuwa amemnunulia mpinzani wake kitenge.

"Si uliwaambia wanawake wakuchague wewe?"

"Niliwaambia. Wale wasiojua kusoma niliwaambia: tafuteni uso wenye kuwa kwa kitenge. Sasa unajua fundi anashona namna gani? Anaanza na uso mkubwa, anauweka kifuani. Mwingine anauweka mgongoni. Pindo anakata. Mimi nilikatwa, nikabaki chini ya cherehani. Wanawake wa soko langu waliingia kupiga kura na mzee kifuani, wakamtafuta kwa karatasi, wakamkuta. Walinitii kabisa."

Nilikuwa nimefanya udalali wa vitenge miaka sita bila kukitazama hata kimoja kikikatwa.

"Alikushinda kwa kura nyingi?"

"Kidogo. Kidogo kuliko wanawake wa soko langu."

Nilisema kitu kuhusu rufaa. Alicheka, kicheko kifupi, na ndipo nilipojua kwamba hakuna cha kukatia rufaa. Jioni hiyo nilikwenda kwenye duka la intaneti nikaitafuta sheria yao. Ilikuwa kwa Kifaransa, mistari michache, na hata Kifaransa changu kilitosha.

Soko lilivunjwa mwaka uliofuata. Bungeni, mzee wa malori aliinua mkono pamoja na wengine. Kibanda cha dada kilikuwa cha kwanza, kama alivyosema, na wenzake walioweza walibeba meza zao vichwani wakatawanyika kwenye vichochoro. Haya yote alinisimulia yeye mwenyewe kwa simu, bila kunitukana. Nilisubiri matusi; nilikuwa hata nimeandaa namna ya kuyapokea.

Badala yake aliniuliza kama kuna kazi Guangzhou.

"Kazi gani, dada?"

"Yoyote. Kuosha sahani, kufunga mizigo. Nguvu bado iko."

Nilimwambia nitauliza. Niliuliza mahali pamoja, kwa mwenye ule mkahawa wa ghorofani. Aliniuliza umri wa huyo mama, nikamwambia, akaendelea kukata nyama. Sikuuliza kwingine.

Dada alipopiga tena niliiona namba yake. Nilikuwa peke yangu, sina mteja, sina shughuli yoyote. Niliiacha simu ikilia mpaka ikanyamaza.