Kitabu cha Nyimbo Nyuma ya Glasi

Hiyo miaka ya tisini mimi na mzee wangu aliyenioa tulikuwa na mashine ya kusaga mahindi hapa Kiptere. Dizeli ilikuwa shida kupata, basi mzee akaanza kuichanganya na mafuta ya alizeti tuliyokamua kwa mkono. Injini ikanguruma vizuri tu! Lakini mafuta ikiwa na machicha, inaziba pampu. Na hiyo pampu ikifa, watu wote wa huku wanarudi kubeba mahindi mpaka Litein.

Fundi wetu, mtu wa kutoka ziwani aliyefanya kazi kiwanda cha chai, akatufundisha kupima na mwanga. Unatia mchanganyiko kwa glasi, unasimama kwa jua, unaweka kitabu cha nyimbo nyuma. Ukiweza kusoma, mwaga kwa tangi. Usipoweza, ngoja itulie. Kazi nikapewa mimi.

Sasa mimi shule niliacha darasa la pili. Lakini nyimbo za kanisa, weh! Kila siku nafungua ukurasa ule ule, nasoma bila kukwama, tunamwaga.

Siku moja injini ikakohoa, ikanyamaza. Fundi akafungua pampu, akatoa uchafu kama uji.

"Mama, ulipima?"

"Nilipima. Nilisoma mpaka aya ya tatu."

"Hebu soma nione."

Akajaza glasi, akaweka kitabu nyuma. Nikasoma yote, karibu niimbe. Kumbe alikuwa amekishika kitabu kichwa chini, miguu juu!

Mzee alicheka mpaka akakalia gunia. Mimi sikucheka siku hiyo. Nacheka sasa.

Fundi akasafisha pampu, akasema mara ya pili haitapona. "Kuanzia leo mtu mwingine achore mistari kwa karatasi na makaa. Mama, wewe hesabu tu."

Jumamosi wamama wakaleta mahindi ya harusi. Dada ya mzee akachora, akaweka karatasi nyuma ya glasi.

"Ziko ngapi?"

"Sioni."

"Si useme tu tano! Harusi ni kesho!" mama mmoja akadakia.

"Sema wewe. Mimi sioni."

"Huyu amesomea glasi chuo kikuu," mwingine akasema, wakacheka, wakanuna. Tukakaa hapo kwa nyasi mpaka jua likapita upande wa pili wa mlango. Nikainua glasi tena. Mistari minne, nyembamba kama vidole vya kuku.

"Nne!"

Nikamwaga. Mzee akazungusha hendeli, injini ikashika mara moja.