Herufi Moja Imenifungia Nje ya Mfumo Niliouandaa

Admin, jina langu lifiche. Ukisoma utaona kwamba ndilo lililonitia matatani.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, mwalimu wa uhandisi ujenzi katika chuo kikuu kimoja hapa nchini. Kwetu ni Mbuba, wilaya ya Ngara. Ndivyo karatasi zinavyosema. Ukweli ni kwamba nilivuka mpaka kutoka Burundi nikiwa mgongoni mwa mama, miaka ile ya wakimbizi. Mwanaume wa Mbuba alimwoa mama, akanilea, na baadaye akaapa kwamba nilizaliwa kwake. Sasa ni marehemu.

Chuo kilinipa kazi ya kuandaa masomo ya uhandisi yafundishwe kwa simu. Mwaka mzima nimekuwa nikiuliza wanafunzi wana simu gani, nikirekodi video za nondo ikivutwa mpaka ikatike, nikibembeleza walimu wenzangu. Mzee mmoja aliniambia, "Kijana, simu hii ya kuchatia ndiyo itawafundisha zege?"

Kwenye majaribio tukagundua wanafunzi wanafanyiana mitihani. Nikapendekeza kanuni: jina la cheti cha shule na la kitambulisho cha taifa yalingane herufi kwa herufi, la sivyo mfumo ukukatae. Kikao kikapitisha.

Wa kwanza kukataliwa alikuwa binti wa Bisibo, Biharamulo. Cheti kina l, kitambulisho kina r.

"Mwalimu, ni herufi tu. Kwetu l na r ni kitu kimoja."

"Kwenu, sawa. Mfumo hautoki kwenu," nikamjibu. Nikamtuma nyumbani akaape na mzazi mbele ya hakimu kwamba majina yote mawili ni yake. Alikosa mitihani miwili.

Wiki iliyopita tukaingiza majina ya walimu. Langu likakataliwa. Darasa la kwanza mwalimu aliniandika kwa l. Kitambulisho kina r, kama mama anavyolitamka. Fundi wa mfumo alicheka mpaka akashika meza. "Mkuu, umenasa kwenye mtego wako! Nenda na mzazi ukaape."

Nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

Nikamweleza. Akaniuliza: "Wakiniuliza ulizaliwa wapi, niseme nini? Aliyeapa yuko kaburini. Mimi siapi uongo. Na nikisema kweli, watatupeleka wapi?"

Somo la kwanza ni Jumatatu, na mimi ndiye wa kulifundisha. Nikiomba kanuni ifutwe, kikao kitataka sababu. Fundi yuko tayari kuniingiza kimyakimya, lakini yule binti ataliona jina langu kwenye simu yake, hali mimi sijaapa. Jana tulipishana kwenye korido, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, na ninyi walimu mnaenda kuapa?" Nikajifanya napokea simu.

Nishaurini, nifanye nini? Ila msiniambie kwamba ni herufi tu. Aliyeniambia hivyo nilimrudisha kwao.