Taa Nyekundu Juu ya Slabu

Nyumba yetu ya Kimara haijaisha mpaka leo. Chini tunaishi, juu tumeishia kwenye slabu, nondo zimechomoza pembeni. Hapo ndipo nilipoiweka darubini yangu ndogo ya miguu mitatu, niliyoinunua kwa jamaa mmoja aliyekuwa anahama nchi. Mke wangu alisema mwanaume mwenye akili angenunua tangi la maji. Wiki haikuisha, yeye ndiye akawa anatangulia kupanda.

Kilichotusumbua ni tochi. Ili uone nyota vizuri, macho lazima yazoee giza, na hiyo inachukua kama nusu saa. Ukiwasha taa nyeupe mara moja tu, unaanza upya. Mwanga hafifu mwekundu ndio unaokuwezesha kuona unapokanyaga bila kuyaharibu macho. Nilipomweleza mke wangu, aliingia ndani akarudi na rangi yake ya kucha, akakipaka kioo cha tochi mara mbili. Tukaona inapendeza. Tukaipaka na taa ya kuchaji, tukaitundika kwenye nondo ili tusijikwae.

Hatukufikiria wanaotuona kutoka chini. Mtaani kwetu, taa nyekundu juu ya ghorofa ina maana moja: baa.

Jioni moja umeme ulikatika mtaa mzima. Nadhani Kimara yote ni sie wawili tu tulioshangilia. Tulikuwa tumeshapanda, macho yameshazoea giza, tukasikia viatu kwenye ngazi. Akatokea baba mmoja wa makamo, shati limechomekewa, begi la ofisini begani. Hatukumjua.

"Habari za hapa," akasema, akivuta kiti cha plastiki. "Mmefungua lini?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Mke wangu akanikanyaga mguu.

"Juzijuzi tu. Karibu, braza."

"Leo kuna nini?"

Mke wangu akamtajia sayari za usiku ule: "Kuna Mshtarii na Zohali. Zuhura ilikuwepo, ila inawahi kuisha."

Baba wa watu akafikiri. "Mshtarii ndio samaki gani?"

"Huyo ndiye mkubwa kuliko wote," mke wangu akasema, uso mkavu kabisa. "Na anakuja na vidogo vinne pembeni."

"Hapana, nitashindwa kumaliza. Nipe Zohali. Pilipili weka mbali."

Mie wakati huo nilikuwa nimeinama najifanya nafunga kamba za viatu, na nilivaa ndala.

"Zohali unaifuata mwenyewe, braza. Inama hapa, jicho moja."

Akainama. Nikajiandaa kutukanwa. Akazunguka mbele ya darubini, akakikagua kioo kwa kidole, akarudi kuchungulia tena.

"Hamjabandika picha humu?"

"Hatujabandika."

"Ina pete, jamani! Ina pete kweli!"

Hapo nikamwomba radhi na kumweleza mambo yote, kuanzia miezi minne ya Mshtarii mpaka rangi ya kucha. Alicheka mpaka akashika nondo. Kisha akarudi kwenye darubini, wala hakutaka kutupisha.

Tukiwa katika hali hiyo akapanda jirani yetu wa nyumba ya pili, mwalimu mstaafu, mama wa bara asiyezunguka maneno, na kiongozi wa kwaya. Alikuja na tochi nyeupe ya kumulikia wezi, akatumulika wote usoni.

"Shikamoo, mama," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Nyie watoto, mnafungua baa katikati ya watu wanaosali?"

Kabla hatujajibu, mgeni wetu akaziba macho kwa viganja. "Mama, zima hiyo! Umetumwagia nusu saa nzima!"

Mwalimu akazima. Nadhani ni kwa mshangao. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa anaamrisha. Tukamsogezea kiti, tukamtegea Zohali, akaangalia kwa muda mrefu mpaka nikauonea huruma mgongo wake.

"Imetengenezwa vizuri," akasema taratibu. Halafu sauti yake ya darasani ikarudi: "Na kitu kizuri hivi mlikuwa mnakifaidi wenyewe, jirani hamumwiti?"

Mke wangu akashuka kumkaangia mgeni mayai na nyanya, maana njaa yake ilikuwa ya kweli. Alikula chini ya ile taa nyekundu, ambayo ilizifanya nyanya zote zionekane nyeupe, akasifia vitunguu.

Jumapili mwalimu alijitwika kazi ya kutusafisha jina. Baada ya ibada alimwambia kila aliyekutana naye: "Pale si baa. Wale wanaangalia nyota."

Jumanne mchana, jua likiwaka, binti mmoja alisimama getini kwetu. Akauliza kwa sauti ya chini kama tungeweza kumwangalizia nyota ya mchumba wake. Nikaanza kumweleza sayari ni nini. Mke wangu akanisogeza pembeni, akakunja uso kutazama angani.

"Huyo ana simu mbili," akasema.

Binti akashika mdomo. "Dada, umejuaje?"