Bunduki ya Kunitosha

Ile siku niliyofumba macho nikiwa nimeshika bunduki haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu Neema, na ndiyo nitakayokusimulia kabla sijakujibu ombi lako. Najua una haraka. Umefaulu mtihani wa uwindaji, ukanipigia simu kutoka Flemingsberg unapiga kelele mpaka jirani yangu hapa Fisksätra akasikia. Kisha ukaniambia kwa Kiswidi, maana ukifurahi Kiswahili chote kinakukimbia, kwamba hutaki kununua bunduki, unataka hii yangu. Nikasema nitafikiri. Sasa nimefikiri. Kaa hapo, hiyo simu iweke pembeni, chai iko kwenye chupa.

Babu yako Mwakio hukumkuta. Alikuwa Mtaita mrefu, mikono mirefu kama yako, na akiingia kwenye treni ya Saltsjöbanan ilibidi ainamishe kichwa mlangoni. Aliyetuingiza kwenye uwindaji ni Papa Kalinda, mzee wa Bukavu aliyetutangulia kufika nchi hii. Kila vuli alituletea nyama ya älg, yule mnyama mkubwa wa misitu ya huku, na Mwakio akaila miaka miwili kabla ya kuuliza inatoka wapi. Alipouliza tu, basi, nikawa sina mume siku za Jumamosi. Nami si mtu wa kuachwa nyumbani na sufuria, unanijua. Nikajiandikisha darasa moja naye, tukafanya mtihani pamoja, tukafaulu sote wawili. Mimi alama zangu zilikuwa juu ya zake, ila hilo hakupenda lisemwe mbele za watu.

Akanunua bunduki ya mkono wa pili, yeye peke yake, bila kuniuliza. Likaja limdude zito la milimita tisa na pointi tatu, mbao nyeusi, kitako kirefu kulingana na mikono yake. Nikamwuliza, "Na yangu?" Akacheka akasema, "Mke wangu, hii moja inatosha nyumba nzima." Nikakubali. Sikuwa na shida. Yeye alipewa nafasi kwenye kikundi cha wawindaji huko kaskazini mwa jiji, nami nilikwenda naye nikakaa karibu yake juu ya jiwe moja kubwa lenye ukoga, nikimmiminia kahawa. Tulikaa kimya saa nyingi. Nakwambia kweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile ya kukaa kimya na babu yako pale.

Halafu akafa. Ilikuwa majira ya kuchipua, asubuhi, yuko njiani kwenda kazini, moyo ukasimama. Hata kuaga hakuaga. Tukausafirisha mwili hadi Wundanyi, akalazwa kwao na baba zake, jambo zuri na la heshima, lakini mimi nikarudi Stockholm na baba yako, mtoto bado, mkononi, na hapa sikuwa na kaburi la kwenda kukaa. Wenzangu wa kazini walikuwa wakienda kuwashia wapendwa wao mishumaa makaburini. Mimi ningeiwasha wapi?

Ndipo akanipigia simu Lennart, mkuu wa kile kikundi, mtu asiye na maneno. Akasema nafasi ya Mwakio wameniwekea mimi, pamoja na kile kituo chake chenye jiwe, kama naitaka. Sharti ni kwamba vuli ikifika niwe na bunduki yenye leseni kwa jina langu, na Papa Kalinda awe ameridhika na ulengaji wangu kiwanjani. Nisipoweza, yuko mtu mwingine anayesubiri kwa muda mrefu. Mwanangu, nilikitaka kituo kile kuliko chakula. Nikaona jambo lenyewe ni jepesi, bunduki si ipo! Nikaomba leseni ya ile ya Mwakio kama mrithi wake, nikapewa, na siku hiyohiyo nikampigia Kalinda anipeleke kiwanjani.

Basi ndiyo siku yenyewe. Nikaliinua lile limdude. Kitako kilikuwa kirefu, kikakaa nje kabisa ya bega, karibu na mkono, na ili jicho lifike kwenye darubini ilinibidi ninyooshe shingo kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Nikafyatua. Lo! Lilinipiga teke nikarudi nyuma hatua nzima. Nikafyatua tena. Safari ya tatu nikajikuta nimefumba macho kabla kidole hakijavuta, na ile shabaha ya mbao yenye umbo la älg ikapita kwenye reli yake salama salimini.

Kalinda akaniuliza bunduki naionaje. Nikamjibu kwa kiburi, "Inanitosha."

Akaangua kicheko, mzee wa watu, hadi kofia ikamwanguka. "Mama Wakesho, unasema nini? Kwetu Bukavu kutosha kitu ni kukiondoa pale kilipo. Kweli, hii fusil itakutosha bega!"

Fusil ndivyo alivyoita bunduki. Mimi sikucheka. Nilikasirika, nikamwambia hajui anachosema, mume wangu mwenyewe alisema hii inatosha nyumba nzima, yeye ni nani wa kupinga?  Kalinda akaichukua bunduki akanigeuzia mgongo kana kwamba anaijaza risasi, akanirudishia, akasema, "Haya, mara moja tena. Polepole."

Nikalenga, nikavuta. Bunduki haikulia. Hakuwa ameweka risasi yoyote. Lakini mimi niliruka, Neema! Mtutu ulizama chini, macho nimeyafumba, mabega yamepanda masikioni, na hakuna kilicholia wala kunipiga. Nikabaki nimesimama hivyo mbele yake.

"Umeona?" akasema kwa upole. "Unaiogopa. Na mwenye kuogopa fusil atapiga nyama tumboni. Itakimbia na risasi yako msituni, itateseka siku nyingi. Mwakio hangekubali jambo kama lile."

Hapo nikakaa kwenye nyasi zenye maji nikalia kwa sauti, mbele ya Waswidi waliokuwa wakijifanya wanaangalia saa zao. Nikamwambia, "Papa, ukiniondolea hii, nitabaki na nini?"

Akaja akakaa kando yangu kwenye yale maji, na alikuwa na suruali nzuri siku ile. Akasema, "Mwakio haiko ndani ya hii fusil, mama. Ni chuma na mbao. Utabaki na lile jiwe lake. Ukishikilia hii, hata jiwe utalikosa."

Nilikaa wiki nzima simsemeshi. Nilijua amesema kweli, na ndiyo sababu nilimkasirikia. Baadaye nikampigia, nikamwambia twende.

Akanipeleka kwa fundi mmoja anayeuza bunduki zilizotumika. Nikaenda moja kwa moja kwenye ile iliyong'aa kuliko zote, mbao zimechongwa maua, kumbe na bei yake imechongwa maua. Kalinda akanishika mkono wa koti kama mtoto. Akasema nifumbe macho. Nikamwuliza kama ananifanyia mzaha, maana kufumba macho ndiko kulikonileta. Akasema, "Funga tu." Nikashikishwa bunduki ambayo fundi ameihakikisha haina kitu ndani, nikaambiwa niilete begani nikielekeza ukutani, pale pasipopita mtu, kisha nifumbue. Ya kwanza nilifumbua nikaona giza tupu la darubini. Ya pili nikaona nusu ya ukuta. Ya tatu nilipofumbua, ukuta wote ulikuwa pale mbele ya jicho langu, wa duara, safi, na shingo yangu imetulia mahali pake.

Ilikuwa bunduki ya milimita sita na nusu, ile ya kawaida kabisa ambayo Waswidi wamewindia tangu mababu zao. Mbao imekwaruzwa, rangi imefifia, na kitako chake kilikwishakatwa kwa ajili ya mtu mfupi aliyekuwa nayo kabla yangu. Fundi akaukagua mtutu mbele yetu, akanionyesha kwa taa ndani ulivyo safi. Haikuwa nzito. Haikuwa ghali hata kidogo, na Kalinda akanikataza kutumia kilichobaki kununulia pambo lolote. Akasema hicho ni cha risasi za mazoezi na cha darubini nzuri.

Nikaweka ile ya Mwakio juu ya meza. Fundi akauliza kama ni yangu. Nikafungua mdomo kusema ni yetu, kama tulivyozoea kuiita, neno likakataa. Nikasema, "Ilikuwa ya mume wangu." Hilo neno, 'ilikuwa', sikuwa nimelitamka tangu mazishi. Nilikuwa nikisema mume wangu ana hiki, mume wangu anapenda kile, watu wa kazini wakinitazama tu. Nikainusa mbao yake mara moja, pale shavu lake lilipokuwa likilala, nikaiacha nikatoka nje bila kugeuka. Kalinda ndiye aliyemalizana na fundi.

Leseni mpya ilipotoka, kiangazi chote nilikuwa kiwanjani. Mwanzoni Kalinda alikuwa akinichanganyia, mara risasi, mara hakuna kitu, mpaka mwili wangu ukasahau kuruka.  Siku aliyosema "Mama, sasa unaweza," nilimkumbatia mpaka akaomba msamaha kwa wote waliokuwepo.

Vuli ikafika, nikakaa juu ya jiwe, peke yangu. Nilimsimulia Mwakio kila kitu kwa Kidawida, lugha ya kwetu, kwa sauti ya chini, habari za mtoto, za kazi, za bunduki yake nilivyoiuza. Nilimwambia ukweli kwamba haikunitosha. Nilikuwa katikati ya habari pale ndama wa älg alipotoka kwenye misonobari, akasimama ubavu wazi. Nikanyamaza. Nikaileta begani, nikaona kila unywele wake, na macho yangu yalikuwa wazi. Alianguka palepale alipokuwa amesimama. Nikalia, nikacheka, nikalia tena, na Lennart alipofika akanikuta nikiwa hivyo, akavua kofia, akanimiminia kahawa mwenyewe. Akakaa kando yangu.

Sasa tuje kwako. Bunduki yangu kitako kimekatwa, na wewe una mikono ya babu yako. Ukiiinua, darubini itakuwa imekaribia jicho kupita kiasi, na siku utakayoifyatua itakupasua nyusi, uende kliniki ukaeleze umepigwa na bibi. Usicheke, nimeshaona watu wameshonwa.

Nenda kwenye bunduki zilizotumika, tena hapo usione aibu, bunduki iliyotunzwa huishi kuliko wenyewe. Usiwasikilize wavulana wa darasa lako wanaotaka kishindo cha kuangusha ghorofa. Chukua kipimo cha kawaida ambacho risasi zake zinapatikana kila duka na bei yake haitakuzuia kufanya mazoezi, maana bunduki ya bei mbaya isiyo na risasi za kujifunzia ni fimbo ya kutembelea. Ya kwanza utakayoipenda, irudishe. Shika nyingi. Fumba macho, ilete begani, fumbua, na kama unalazimika kunyoosha au kukunja shingo, mwambie mwenye duka asante na utoke. Mwombe fundi aukague mtutu wewe ukiangalia. Usiende peke yako, na usiende na mtu anayeona haya kukuambia hapana. Na mara tu utakapoanza kufumba macho, simama, usione ni ujasiri kuendelea. Mnyama hana kosa la kulipia kiburi chako.

Hayo ni ya bunduki. Lakini mimi najua unachokitaka, mtoto wangu. Tangu nilipolazwa majira ya baridi, umekuwa ukinitazama kama mtu anayefunga mizigo. Umeomba bunduki, mwezi uliopita uliomba leso yangu, na juzi ulinirekodi nikikaanga maandazi ukidhani sikuona. Unaogopa. Nami pia naogopa, basi tumelingana. Lakini mimi bado nipo! Mwaka ule nililia juu ya kipande cha mbao kwa sababu mwenyewe alikuwa hayupo tena wa kumlilia. Wewe huna sababu hiyo. Jumamosi njoo unichukue, tutaenda wote kwa fundi, na vuli ikifika utanishika mkono hadi kwenye kituo utakachopewa, uniwekee kiti cha kukunja, tukae kimya. Bunduki yangu iache, Neema. Nichukue mimi.

Mungu akutulize bega, akufumbue macho pale unapotaka kuyafumba. Akuondolee haraka. Nyama utakayoleta nyumbani iliwe kwa amani, na kila atakayekaa kando yako msituni umpende angali anapumua. Nenda ukabarikiwe, mwanangu, na Jumamosi usichelewe.