Kisu Kilichong'aa Mbele ya Wakwe

Mkinikuta kwenye harusi nimekaa mbali na pale mbuzi anapochinjiwa, msidhani naogopa damu. Mimi ni mhunzi, nimeungua, nimejikata, nimedondokewa na nyundo kwenye kidole cha mguu, damu siiogopi hata kidogo. Ninachoogopa ni mtu wa Ilemba kutokea, akaniona, akaanza kucheka peke yake, na wenzake wakamuuliza anacheka nini. Kwa hiyo leo nasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, maana wakisimulia wao wanaongeza chumvi, na kisa chenyewe kina chumvi ya kutosha.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tuna kikundi chetu cha wahunzi pale Milanzi, tunafua majembe na mashoka ya kijiji, na mimi nimemchumbia Yustina, binti wa mzee Fulgensi wa kule chini Ilemba, mhunzi naye, na baba yake mhunzi. Ukoo ule ulikuwa na desturi yake: mhunzi akitaka kuoa kwao, siku ya posa atamchinja mbuzi wa karamu kwa kisu alichokifua mwenyewe, watu wote wanatazama. Kikikata, umepata mke. Yustina mwenyewe alikuwa ameniambia, "Fanya vizuri, maana baba akikataa, mimi sina pa kusemea." Nikamwambia asiwe na wasiwasi (mimi nani bwana, fundi wa kutegemewa Milanzi nzima!).

Kisu nilikifua kwa chuma cha springi ya lori bovu, nikakinyoosha kwa tupa, kikabaki na mistari ya tupa bapa zima. Hapo ndipo inapohitajika karatasi ya msasa, na kila mhunzi anajua utaratibu: unaanza na msasa mkali wa kukwaruza, unafuata wa kati, unamalizia na ule laini, halafu mwisho wa yote unakwenda kwenye kinoo kutia makali. Nikaenda duka la ushirika Mazwi. Siku zile hata sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse msasa, nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi, na nilipofika mbele muuza duka akasema, "Ndugu, msasa ni karatasi moja kwa mtu mmoja. Chagua."

Mwenye akili angechukua wa kati. Kisu kingetoka na mikwaruzo kidogo, lakini kingekuwa kisu. Mimi nikazishika zote tatu, nikazipapasa, nikaziweka, nikazishika tena, mpaka mama mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Wewe kaka, unachagua msasa au unachagua kitenge?" Watu wakacheka, nikaona aibu, nikabeba ule laini. Nilitaka king'ae, basi. Nilitaka wakwe wakikiona waseme hapa tumepata mtu.

Sasa msasa laini na mistari ya tupa wapi na wapi! Nikasugua siku hiyo, nikasugua siku iliyofuata, mistari iko palepale. Badala ya kuufunga kwenye kipande cha mbao kilichonyooka nikauzungushia kidole ili nikandamize vizuri, na kidole hakina adabu, kinapita bapani kinateremka mpaka kwenye makali, kinayala taratibu. Mwishowe kisu kikang'aa kweli, unajiona meno. Baba mdogo Deo, aliyekuwa mshenga wangu, akakitazama akasema, "Kimependeza. Na makali je?" Nikasema natia sasa hivi. Nikakipitisha kwenye kinoo mara moja tu, kikatoka na mkwaruzo mrefu bapani, roho ikaniuma kama nimemkwaruza Yustina shavuni. Nikakiondoa kwenye kinoo upesi. Nikajiambia shingo ya mbuzi si mti. Nikakijaribu kwenye bua la hindi, likakatika (bua la hindi hata ukilipiga kofi linakatika), nikakifunga kwenye kitambaa cheupe.

Ilemba kuna joto, si kama kwetu juu, na mimi nilikuwa nimeazima koti la sufu. Nikatoka jasho toka salamu. Lakini kisu kilipofunuliwa, jamani! Kilipita mkono kwa mkono, akina mama wakajitazama humo wakarekebisha vilemba, Yustina akachungulia mlangoni akacheka kwa furaha. Kikamfikia mzee Fulgensi. Akakitazama, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akanitazama mimi, akanirudishia. Alijua yule mzee. Kinoo kilikuwa hapo uani, angeninong'oneza tu. Hakutaka, na hilo sijamsamehe.

Vijana wawili wakamlaza mbuzi. Nikafanya ishara ya msalaba, nikaweka kisu, nikavuta. Kikateleza. Nikavuta tena, manyoya yakanyoka vizuri kabisa kama nimeyachana. Nikaanza kukata kama msumeno, mbuzi analia, jasho linanidondoka, na mtu mmoja nyuma akasema, "Mnyoe na ndevu basi!" Hapo ndipo wale vijana waliomshika wakashindwa kujizuia, wakacheka, mikono ikalegea, mbuzi akachomoka. Akapita katikati ya wazee na kamba yake shingoni, kamba ikanasa kwenye chungu cha pombe ya ulezi, pombe yote ikamwagika mapajani mwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi nikawa namkimbiza mbuzi, nimevaa koti la sufu, kisu mkononi kinametameta, watoto wananifuata wakishangilia.

Alipokamatwa, mama mkwe alitoa kisu chake cha jikoni, cheusi, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli, akampa shemeji yake. Kikapita mara moja. Mzee Fulgensi akaniambia mbele ya wote, "Kioo tunacho ndani, kijana. Tulitaka kisu." Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, Yustina sikumwona tena siku ile.

Nikarudi Milanzi nikafua kingine. Sikutia msasa wowote, nikakiacha cheusi kama kilivyotoka motoni, lakini kwenye kinoo nilikaa mpaka mgongo ukagoma. Nikateremka nacho Ilemba peke yangu. Mzee akakijaribu kwenye mkono wake, nywele zikaruka, akacheka hadi jino la mwisho likaonekana.

"Hiki sasa ni kisu," akasema. "Kiache. Kitatufaa harusi ya Yustina."

"Asante sana, baba," nikasema, tayari nikijiona bwana harusi.

Akanitazama kwa huruma kidogo. "Anaolewa na karani wa ghala, yule mtu wa Mbeya. Matangazo yameshasomwa kanisani."

Nikakiacha. Ningefanyaje, nimnyang'anye mzee wa watu mkononi? Karani hakuombwa kuchinja chochote, yeye alileta mablanketi. Tangu hapo nimeapa, kisu changu hakimfikii mtu kabla sijakiona kinakata, na anayetaka cha kung'aa namwelekeza kwa wengine. Wahunzi vijana nawaambia msasa wachague wautakao, ila kinoo wasikikimbie. Wanacheka, wananiona mzee mwenye kinyongo, na kweli ninacho.

Nasikia kile cheusi kilimchinja mbuzi wa harusi bila mbuzi kupata nafasi ya kulia. Baadaye mzee akampa binti yake aondoke nacho. Yustina yuko nacho Mbeya mpaka leo, anamkatia karani nyama.