Kipande cha Marehemu

Kwetu mtaani Kuze, mtu akifa asubuhi, adhuhuri watu tayari wanauliza kaburi limechimbwa wapi. Ndiyo ada yetu, maiti hacheleweshwi. Lakini haraka hiyo ina kazi zake: sanda, wachimbaji, na kibali cha kuzika, ambacho ofisini hawakitoi mpaka waone kitambulisho cha marehemu, au kipande, kama tunavyokiita. Kwa miaka mingi kazi hizo zilikuwa na mwenyewe. Alikuwa jirani yetu wa nyuma ya madrasa, mwanamume wa makamo asiye na ajira ya kudumu, na hakuna msiba uliomkosa. Tulimwombea dua. Jina lake, nadhani tulishalisahau.

Mama alipofariki, Ijumaa asubuhi, jirani huyo alifika mlangoni hata sijamaliza kilio cha kwanza.

"Mungu awape subira, dada. Nipa kipande chake, na simu pia, niwaarifu jamaa wa Lamu na Malindi. Wewe kaa na mamako."

Nikampa vyote viwili. Nambari ya siri hakuhitaji kuniuliza. Mama aliiandika kwa kalamu mgongoni mwa simu, asije akaisahau.

Alasiri kaka yangu alisimama makaburini akatangaza kama inavyotangazwa: anayemdai marehemu aje kwetu, tutamlipa. Hakuja mtu. Nilipoambiwa nilijigamba moyoni. Mama alikuwa hakopi hata kibiriti. Aliamini deni humning'iniza mtu huko aendako, na aliliogopa kuliko kifo chenyewe. Siku ya tatu, kwenye hitma, simu ilirudishwa. Nani huwasha simu ya mama aliyekufa? Niliitia kashani katikati ya leso zake, nikafunga. Kipande hatukukiuliza. Tulidhani kimebaki ofisini.

Miezi minne baadaye nilikuwa kibarazani nikikaanga viazi vya karai, ndiyo biashara yangu, ikaita nambari nisiyoijua. Sauti ya msichana, ya adabu kabisa, ikasema mama yangu ana mikopo mitatu ya simu, kila akipigiwa hapatikani, na mimi ndiye nimeandikwa mtu wake wa karibu.

"Mama yangu amefariki," nikasema.

Akanipa pole, kisha akanitajia siku ya mkopo wa kwanza. Ilikuwa Jumamosi. Sisi tulikuwa tumemzika jana yake.

Nilizima jiko, nikaenda kufungua kasha. Simu ilikuwa baridi. Mwandiko wa mama ulikuwa palepale mgongoni. Nikabandua mfuniko, na mahali pa laini palikuwa patupu.

Yule jirani nilimkuta mtaa wa Makadara, mkahawani, akinywa chai ya tangawizi peke yake. Nilikwenda nikijua atakana. Hakukana.

"Mara ya kwanza ilikuwa ndaa, tumbo tupu," akasema. "Ya pili haikuwa ndaa tena. Nyumba ya msiba hainirudishi mlangoni, dada. Mwanipa wenyewe."

"Umemtundika mama yangu kwa deni!"

"Mamako kesha kufa, nani atamdai? Na hao matajiri wa mikopo hata hawamjui." Akakoroga chai polepole. "Mke wangu alipolazwa nilibisha hodi Kuze nzima kukopa pesa ya hospitali. Kwenu pia. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Wakumbuka ulinijibuni?"

Nilikumbuka. Nilimjibu kupitia dirishani, bila kufungua, kwamba mama amelala. Mama alikuwa nyuma yangu akichambua mchele, macho makavu, na hakunisahihisha. Wiki ileile huyu mtu alikwenda ofisini kutafuta kibali cha kumzika mkewe mwenyewe.

Nilimchukia kwa wizi wake, na nilimchukia zaidi kwa kunikumbusha. Deni nililipa lote, kidogo kidogo, kwa viazi. Sikumwambia hata kaka. Nilijipa moyo kwamba naifunika aibu ya mama. Uongo mtupu; nilikuwa nalifunika lile dirisha.

Wiki iliyopita alifariki bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulikuwa ndani, wanawake, tunafukiza udi, niliposikia hodi na ile sauti ya upole ya yule jirani. Binti wa marehemu alitoka na pochi ya mamake mkononi. Kisha akanigeukia mimi, macho yamemvimba, kwa kuwa njia hiyo nilishaipita.

"Dada, ataka kipande na simu. Nimpe?"

Yeye alikuwa amesimama kizingitini, ananitazama, wala hakuwa na haraka. Adhuhuri ilikuwa inakaribia, na pale hapakuwa na mwingine anayezijua zile ofisi.

"Mpe," nikasema.