Rokiah na cherehani ya juu ya kabati

Saa moja asubuhi, ghorofa ya kumi na moja, Rokiah Daud anapiga deki. Hasemi na mtu, ila midomo inakwenda.

"Give," anasema, huku akikamua tambara. "Give, mem. Si keep. Give."

Mgongo unamuuma. Anasimama, anashika kiuno, anatazama juu ya kabati la chumbani. Pale juu, ndani ya shuka ya maua, ipo cherehani inayomnyima usingizi.

Rokiah ana miaka hamsini na tisa. Amesafisha nyumba za watu hapa Penang, Malaysia, tangu kifunguamimba wake hajaanza kutambaa. Ringiti mia tisa anazopata kwa mwezi huishia kwenye mchele, kodi na dawa ya magoti.

"Kazi ya kuinama imenitosha," anasema. "Nataka ya kukaa. Kushona najua, cherehani ndiyo sina."

Cherehani alikuwa nayo Bi Hilary, mem wake Rokiah, Mwingereza aliyepanga nyumba hii miaka sita. Wiki ya kufunga mizigo ya kurudi kwao, alimwambia Rokiah kwa Kiingereza: keep cherehani hii.

Hapa Penang neno hilo liko mdomoni mwa kila mtu, na maana yake ni kuweka kitu mahali pake. Keep sahani, zirudishe kabatini. Keep mwavuli, mvua imekwisha. Keep samaki, paka huyo anakuja. Basi Rokiah akaifuta cherehani, akaitia mafuta, akaifunga shuka, akapanda kiti na kuiweka juu ya kabati.

"Nikamwambia, nimeshaikeep, mem. Akanikumbatia! Nikasema moyoni, Wazungu hawa jamani, kitu kuwekwa tu, machozi?"

Bi Hilary akaondoka. Kilichobaki ndani kikawa cha mwenye nyumba.

Juzi Bi Hilary akapiga simu, akauliza Rokiah ameshajishonea nini. Rokiah akajibu kwamba aliikeep kama alivyoambiwa, cherehani ipo salama, haina hata vumbi. Mkwewe Suhaila, aliyewahi kufanya kazi hotelini, alikuwa kando anamenya vitunguu. Simu ilipokatwa akapiga kelele.

"Mama! Mwingereza akikwambia keep, ni chako! Amekupa!"

"Amenipa? Mbona hakusema give?"

"Ndivyo wanavyosema kwao."

"Na chenji ya sokoni, kila siku akiniambia keep, keep?"

"Uliipeleka wapi?"

"Si niliiweka! Kwenye kopo, juu ya friji yake."

Suhaila alicheka mpaka akakaa chini. Rokiah hakucheka.

Jana akamfuata Bwana Teoh, msimamizi wa nyumba. Teoh si mtu mbaya, ila naye ni wa hapahapa.

"Mem aliniambia mwenyewe, Rokiah keep cherehani," alisema Teoh. "Nawe si uliiweka? Vizuri. Sasa wataka nini, dada?"

"Maana yake ni yangu, bosi."

"Tangu lini? Nikikwambia keep ufagio, utakwenda nao kwenu?"

Hata Rokiah mwenyewe angesema hivyohivyo. Mwisho Teoh akalainika. Mem ampigie Teoh simu mwenyewe, aseme neno lisilo na pande mbili, Rokiah achukue mzigo wake. Lakini iwe leo. Kesho wanaingia wapangaji wapya, na nyumba itakabidhiwa na vyote vilivyomo.

Kwa hiyo saa kumi alasiri, kule kwa mem kukiwa kumeshakucha, Rokiah atampigia simu.

"Naona haya," anakiri. "Mtu kakupa kitu kwa moyo wake, wewe unamwambia ulikipandisha juu ya kabati. Ataniona mjinga. Au ataona sikuitaka zawadi yake. Lakini magoti haya hayajui haya."

Anapanda kiti taratibu, anaipangusa shuka, na mkono unakawia juu yake.

"Ikifika kwangu siiweki popote," anasema. "Itakaa mezani, karibu na dirisha, wazi, uzi umeshatungwa. Nami nimekaa."